Mtahini wa Mnyatio

Bwana Tai alikuwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kidevu imenyolewa na nusu imejaa povu, ndipo riziki ilipomjia. Haikubisha hodi. Ilikuja kupitia kwa kinyozi mwenyewe, ambaye aliuacha wembe hewani, karibu kabisa na sikio la mteja, akainamia simu yake na kusema, "Kimya! Wameweka tena kile kionjo!"

Mtu mwingine angelihofia sikio. Bwana Tai hakuwa mtu mwingine. Alikuwa mtu wa kuvaa tai hata jua likiwaka kiasi cha kulainisha lami, na katika maisha yake alikwisha kuuza viwanja vilivyo chini ya maji, nafasi za kazi kwenye meli ambayo haijajengwa, na mara moja, katika mji ambao hawezi tena kuukanyaga, dawa ya kuwatambua matapeli. Mtu wa namna hiyo akisikia sauti ya mwanamume mzima inatetemeka kwa hamu, hafikirii sikio. Anategesha.

Kinyozi huyo alikuwa na mwili wa kujaza mlango na moyo wa mtoto. Kwenye benchi nyuma yake alikaa mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani, amepakata rundo la madaftari ya wanafunzi ambalo alikuwa amelibeba wiki nzima bila kusahihisha hata moja. Naye aliruka akaja kwenye simu. Kwenye kioo, mtu aliyejifunika kichwa aliambaa na ukuta wa ngome, akapuliza mshumaa, akatoweka. Zikatokea herufi: MNYATIO. Basi, ikawa imekwisha.

"Umekiona kivuli cha pili pale ukutani?" aliuliza Mwalimu. "Kile si chake. Kuna mtu wa pili. Nimepiga hesabu ya pembe ya mshumaa."

"Lile ni pazia."

"Pazia gani lina mabega, kaka?"

Mnyatio, kwa faida ya wale wachache wenye akili timamu waliobaki duniani, lilikuwa gemu ambalo halijatoka. Ilisemekana ndani yake unakuwa jasusi katika dola ya kale, unanyata gizani, unachagua mwenyewe kuwa mwizi, mpelelezi au msaliti, na kila unalotenda linakubadilisha wewe na kuibadilisha nchi nzima. Ilisemekana, kwa sababu hakuna aliyelicheza. Watengenezaji walikuwa wameliahidi, wakaliahirisha, wakaomba radhi, wakaliahidi upya, na kwa kila radhi mapenzi ya watu yalizidi. Wapo waliochumbia, wakaoa na wakaachana katika muda huo, na bado walikuwa waaminifu kwa Mnyatio.

Bwana Tai hakujua lolote kuhusu magemu. Ungempa pedi ya kuchezea, angejaribu kuongezea sauti ya redio. Lakini kusubiri alikujua. Katika elimu yake, ambayo hakuipata shuleni, hakuna kiumbe laini kama mtu anayesubiri.

"Hicho kionjo," alisema taratibu, kama anayejisemea, "ni cha zamani."

Kinyozi aligeuka. "Umesemaje, mzee?"

"Sijasema kitu. Ninyoe upande wa pili."

"Umesema ni cha zamani!" Mwalimu alisimama, na madaftari ya taifa la kesho yakamwagika sakafuni juu ya nywele.

"Ulimi umeniteleza. Jamani, nina familia mimi. Wakijua nimeongea kwa kinyozi, kazi sina."

"Kazi gani?"

Bwana Tai aliutazama mlango, akalitazama dirisha, akaitazama dari. "Ile," akasema.

Neno moja tu, lakini alilitamka kwa namna ambayo hata mimi ninayekusimulia ningefunga mlango. Kinyozi akaufunga.

Basi akawaeleza, kwa kulazimishwa sana, maskini. Kampuni ilikuwa inatafuta wajaribu, watu wa kulicheza Mnyatio kabla ya dunia nzima ili waseme lina kasoro gani. Ilikuwa inawatafuta kimyakimya, katika miji ya kawaida, kwa sababu kwenye miji mikubwa siri huvuja. Yeye ndiye Mtahini. Alikuwa amepita mjini humo kutazama tu, na kwa kweli alikuwa amekata tamaa, kwani watu aliowaona hawakuwa na kipaji.

"Na sisi?" aliuliza Kinyozi.

"Wewe una mkono mtulivu. Na huyu ana jicho. Kile kivuli cha pili..." Bwana Tai alijiziba mdomo.

"Nilisema!" Mwalimu alipiga paja. "Nilisema mimi! Sasa, Mtahini, hao wengine watalipata baada yetu kwa muda gani?"

"Miezi."

Uso wa Mwalimu ulijaa nuru ambayo mkewe hakuwahi kuiona. Hakuwa anafikiria kucheza. Alikuwa anawafikiria wenzake wote ambao hawatacheza.

"Sharti ni siri," alisema Bwana Tai. "Hili ni gemu la kunyata. Mpayukaji hana nafasi. Na mkiwauliza kampuni, watakana. Wakikana mjue..."

"Ni kweli!" walisema wote wawili.

"Mnanipunguzia kazi," alisema Bwana Tai, na hapo, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alikuwa hadanganyi.

Alikuwa amepanga chumba na stoo nyuma ya karakana ya seremala, penye ua mdogo uliojaa vumbi la randa. Huko ndiko mafunzo yalikofanyika. Zoezi lilikuwa rahisi: Mtahini anakaa kwenye kiti chake mlangoni, na mwanafunzi anapaswa kumwibia ufunguo mfukoni, kufungua stoo, kubeba boksi hadi langoni, kisha kulirudisha ili lihesabiwe alama, yote bila kuonekana. Alama za ziada, madaraja na vyeti vitafuata.

Sasa, Kinyozi kunyata ilikuwa ni habari nyingine. Alijibanza nyuma ya taulo moja lililoanikwa kambani, akaamini ametoweka. Mkono wake ukiingia mfukoni mwa Bwana Tai, ulikuwa kama ng'ombe anayeingia dukani. Mwalimu alikuwa mwembamba, angalau, lakini kila alipokaribia stoo alikohoa, kisha akanong'ona "samahani". Bwana Tai angefanya nini? Akisema amewaona, watakata tamaa, watakwenda nyumbani, watafikiri. Na kufikiri ndicho kitu ambacho hakukitaka kabisa. Kwa hiyo aliangalia mawingu. Walimkanyaga, wakamwomba radhi, wakapita mbele ya pua yake na maboksi matupu, naye anashangaa mawingu. Mwisho wa zoezi alisimama, akazunguka ua mzima kwa macho na kuuliza, "Jamani, mko wapi? Mmeanza?"

Kinyozi alilia kwa furaha siku ya kwanza.

Baada ya hapo kilikuja kiini cha mambo. Toleo la wajaribu, alisema Mtahini, haliingii kwenye mashine yoyote tu ya kuchezea. Mashine lazima ifunguliwe na mafundi wa kampuni, iwekewe kifaa fulani, irudishwe. Wao walete mashine zao tu, hela wakae nazo. Neno hilo la hela liliwamaliza kabisa. Kinyozi alileta mashine yake akiwa ameipakata. Mwalimu alimwambia mkewe kwamba ya kwake inakwenda kwa fundi, na mkewe akauliza kama fundi hawezi kukaa nayo moja kwa moja.

Kuhusu siri, waliitunza kwa uaminifu mkubwa. Kinyozi hakumwambia mtu yeyote isipokuwa Mama Pedi. Mwalimu naye hakumwambia mtu yeyote isipokuwa Mama Pedi.

Mama Pedi alikuwa mwenye ukumbi wa magemu kwenye kona ya mtaa: chumba kirefu, mabenchi yaliyong'arishwa na makalio ya miaka, skrini ukutani, na kila skrini na mashine yake. Pedi zikichoka alizifungua mwenyewe kwa bisibisi na kuzirudishia uhai, ndiyo maana wakamwita hivyo. Mumewe alipoondoka alimwachia mashine mbili na deni la umeme. Kwa hizo mbili alinunua nyingine, na kwa hizo nyingine alisomesha wanawe, na hakuwa na kitu kingine chochote duniani. Sasa kwenye jengo jipya la ghorofa, ng'ambo ya barabara kuu, walikuwa wamefungua ukumbi wenye kiyoyozi na viti vya kuzunguka, na mlangoni wameandika kwamba Mnyatio litachezwa hapo siku ya kwanza. Benchi za Mama Pedi zilianza kupata vumbi. Usingizi ulimpaa. Yeye hakutaka kuwatambia watu. Alitaka mlango wake usifungwe.

Kwa hiyo alikwenda kwa Bwana Tai, na Bwana Tai alipomwona alisikia, sijui tuseme huruma? Kitu kilimgusa kifuani. Akakohoa, kikapita.

"Mama, wewe ndiye hasa anayetafutwa na kampuni," alisema. "Ukumbi wako utakuwa wa kwanza. Hao wa kiyoyozi watakuja kukuomba. Ila ukumbi mzima maana yake mashine zote."

"Zote, mwanangu? Wateja watacheza nini?"

"Siku chache tu, mama. Ukileta nusu, nusu ndiyo itakayofunguliwa."

Alizileta zote kwa mkokoteni, amezifunika kwa shuka. Akafunga ukumbi na kuandika mlangoni kwamba kuna ukarabati. Bwana Tai alizipokea kwa heshima zote, akazipanga stoo, na hapo, kwa kuwa binadamu akinenepa hujisahau, akaongeza jambo moja.

"Na maboksi yake, mama? Yale zilizokuja nayo kutoka dukani. Na yale makaratasi ya dhamana, kama umeyatunza."

"Nimeyatunza. Nikuletee?"

"Itapendeza. Kesho adhuhuri gari la kampuni linakuja."

Mama Pedi alikuwa amefika katikati ya njia ya nyumbani ndipo hesabu ilipomgonga. Akakaa kwenye ukingo wa mtaro, watu wanampita. Miaka yote amekuwa akinunua na kuuza mashine zilizokwisha kutumika. Fundi akitaka kufungua mashine, anataka mashine. Boksi litamsaidia nini, aifungue nalo? Anayetaka boksi na dhamana ni yule anayetaka kuuza, kwa sababu mashine yenye boksi lake bei yake inapanda. Alijiona mjinga. Alimwona yule kijana na tai yake, akaona benchi zake tupu, akaogopa kwa hofu ambayo hakuwahi kuijua tangu siku mumewe alipofunga begi.

Alipopata nguvu alikwenda mbio kwa Kinyozi. Mwalimu alikuwepo, na madaftari yake.

"Tumeingizwa mjini," alisema. "Yule ni tapeli."

Wale wawili walitazamana, wakatabasamu kwa upole wa watu wanaojua zaidi.

"Mama Pedi," alisema Kinyozi, "umetumwa utujaribu?"

"Nitumwe na nani? Anataka maboksi, nyinyi! Maboksi ya nini?"

"Twende kwa hoja," alisema Mwalimu. "Tapeli huomba hela. Huyu hajaomba hela. Kwa hiyo si tapeli. Naweza kukuandikia ubaoni."

"Polisi wakija nao utawaandikia ubaoni?"

"Ukiita polisi siri imevuja," alisema Kinyozi, na uso wake mpana ukakunjamana kwa uchungu. "Tutaondolewa wote. Mama, nakuomba. Nimesubiri sana mimi."

Mama Pedi aliwatazama. Aliona kwamba hata Bwana Tai mwenyewe akija hapo akaungama kwa magoti, hawa wangempigia makofi kwa uigizaji. Alikaa kwenye kiti cha kunyolea. Akajitazama kwenye kioo, mwanamke mzima ambaye hajawahi kumrudishia mteja chenji pungufu, akavuta pumzi.

"Basi mmenishinda," alisema. "Nilitumwa kweli. Huo ulikuwa mtihani wa imani, na mmefaulu."

Kinyozi aliruka, na chupa za mafuta zikaruka naye kwenye rafu.

"Sasa umebaki wa mwisho. Kesho asubuhi, kabla ya gari. Kuzitoa mashine zote stoo kwa Mtahini, yeye mwenyewe amekaa pale pale, na zisirudi tena. Mkifaulu, mko ndani."

"Zisirudi?" Mwalimu alikunja uso. "Lakini zoezi linasema..."

"Zoezi ni zoezi, mwalimu. Huu ni mtihani."

Hoja hiyo, kwa kuwa ndiyo aliyoitumia darasani miaka yote, ilimnyamazisha.

Maboksi alimpelekea Bwana Tai jioni ile ile, akamshukuru na kumwombea baraka. Tapeli alifunga kila mashine kwenye boksi lake kama zawadi, akalala usingizi mtamu.

Asubuhi alitoa kiti mlangoni, chai mkononi, sanduku lake la nguo limefungwa tayari. Akampigia mnunuzi wake, mtu mmoja anayeitwa Jumla, ambaye hununua vitu kwa wingi na kuuliza maswali kwa uchache. Walikuwa katikati ya mazungumzo Mama Pedi alipoingia langoni na wale wawili nyuma yake.

"Mtahini, tunaomba zoezi moja la kuaga, kabla mashine zetu hazijaondoka."

Bwana Tai aliona ni heri wacheze kuliko waje kuuliza gari ni la rangi gani. "Zoezi gani?" alisema, na macho yake yakapanda mawinguni. "Sioni mtu hapa."

Mkono wa Kinyozi ukaingia mfukoni, ukatapatapa, ukatoka na ufunguo, leso na peremende moja. Bwana Tai akanyanyua mguu kidogo ili apite vizuri.

"Kelele gani hizo?" aliuliza Jumla kwenye simu.

"Wajinga wangu wanacheza."

"Wanacheza na mzigo wangu?"

"Tulia, ndugu yangu. Wanatoa, wanarudisha. Nimewafunza mwenyewe."

Na kweli, mzunguko wa kwanza walitoa maboksi mawili hadi langoni, wakayarudisha. Mama Pedi ndiye aliyewaagiza hivyo. Bwana Tai aliyaona kwa pembe ya jicho yakirudi, akajilaza vizuri kwenye kiti. Mzunguko wa pili walitoa mengine. Mwalimu alikohoa, akasema samahani. Bwana Tai akamwambia Jumla habari za mji mwingine anaotaka kuhamia, ambako amesikia watu wanasubiri reli. Boksi likamgonga bega. "Upepo huu," alisema. Kinyozi alikuwa amejibanza nyuma ya ufagio. Kwa kweli ni jambo la kuhuzunisha: kila boksi lilipita mbele ya macho mawili mazima, yasiyo na kasoro, na mwenye macho hayo akayageuzia pembeni kwa hiari yake.

Halafu kukawa kimya. Hakuna kikohozi, hakuna samahani. Bwana Tai alifurahi. Hatimaye, alijisemea, wamejifunza kunyata. Akamaliza chai. Nje ya ukuta magurudumu ya mkokoteni yalilalamika kidogo, kisha yakaacha.

"Haya, mko wapi?" aliita kwa mzaha wake wa kawaida. "Mmeanza?"

Alikwenda langoni, akaenda stoo. Ufunguo ulikuwa umening'inia kwenye kufuli, na peremende yake imewekwa juu ya kizingiti, kwa heshima.

Jumla alifika saa sita na vijana wa kupakia. Alikuwa mtu wa maneno machache, na baada ya kuitazama stoo tupu, yalipungua zaidi. Hakupiga mtu. Alipakia sanduku la nguo la Bwana Tai, akaomba saa, akaomba simu, kisha akatazama chini na kuomba viatu. Akasema ameijua sura yake, na kwamba leo na kesho atashinda mjini humo, kama kuna la kuongea.

Ndipo mtu huyu, mzoefu wa kutoka usiku miji minane, alipokwenda adhuhuri kavu, pekupeku, tai shingoni, lami inamchoma nyayo, hadi kwenye ukumbi wa Mama Pedi. Hakujua anakwenda kudai nini. Alikuwa na hasira ya mtu aliyeibiwa, na hasira hiyo haiulizi mali ilikuwa ya nani.

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi mlangoni. Habari ilikuwa imeenea, kwa siri kubwa, kwamba wajaribu wa Mnyatio wanatoka hapo. Wale wa viti vya kuzunguka walikuwa wamevuka barabara na kubanana kwenye mbao. Kila skrini ilikuwa inawaka.

"Mtahini!" Kinyozi alimrukia, akamkumbatia. Watu wakasimama. "Sema kweli, mbele ya hawa. Ulituona?"

Bwana Tai aliangalia mashine zake, yaani zao, zimepangwa ukutani. Aliangalia vifua na mikono ya wanaume waliojaa pale. Kwenye meza ya mwisho Mama Pedi alikuwa anafungua pedi kwa bisibisi, hata hakuinua kichwa. Bwana Tai aliwaona asubuhi ile, Mungu anajua aliwaona, mmoja mmoja, alikuwa karibu ashike mabega yao. Na ilimbidi aape.

"Sikuwaona," alisema.

Ukumbi ulilipuka. Mwalimu alibebwa juu juu.

Baadaye Mama Pedi alimwita chumba cha nyuma, palipo na nyaya na mashine mbovu. Alimpa kandambili za plastiki.

"Kaa, mwanangu. Hawa wote wanaamini wewe ndiye mlango wa lile gemu. Nikiwaambia wewe si mlango, watakufanya nini?"

Bwana Tai alivaa kandambili.

"Na yule mwenye gari amepita mara mbili, ananiulizia mtu wa tai. Nimesema sijamwona. Naweza kumwona."

"Unataka nini, mama?"

"Wateja wangu. Utakaa hapa. Asubuhi utafagia, mchana utawasimulia Mnyatio, una ulimi mzuri. Utakula kwangu. Siku gemu likitoka, mlango huo, nenda zako na Mungu."

"Linatoka lini?"

"Wametangaza mwezi ujao."

Bwana Tai alipiga hesabu yake. Mwezi mmoja wa kufagia, chakula bure, Jumla atachoka. Alikwisha kukaa pabaya zaidi, kwa gharama ya serikali. Akakubali haraka kiasi kwamba karibu ashukuru.

Alijaribu kuondoka mara moja tu. Alipogeuka barabarani alimwona Kinyozi amejificha nyuma ya nguzo ya umeme ambayo ilimfunika pua peke yake, na Mwalimu amelala kifudifudi nyuma ya pipa, anakohoa. Walidhani kumfuata Mtahini ni hatua inayofuata. Naye, kwa mazoea, aliangalia mawingu, akageuza na kurudi kufagia. Akajifunza gemu zima kutoka kwa vinywa vya watu, ili awe na la kusema. Alijua ngome zote, alijua kivuli cha pili. Alihesabu siku kuliko mtu yeyote mjini, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anasubiri kitu ambacho si yeye aliyekiahidi.

Siku ya tangazo watu walisimama hadi barabarani. Mama Pedi alikuwa ameelekeza skrini kubwa mlangoni. Alitokea mtu wa kampuni, shati jeusi, uso wa msiba. Aliwashukuru wapenzi wa Mnyatio kwa uvumilivu wao. Alisema ubora haukimbizwi. Alisema wameamua kulitengeneza upya kuanzia mwanzo, na kwamba kwa sasa hawatataja tarehe, wasije wakawavunja watu moyo.

Wengine walishika vichwa. Kinyozi alifunika uso kwa aproni. Lakini kilio kilichosikika hadi ng'ambo ya barabara, kirefu, cha mtu aliyefiwa, kilitoka kwa Bwana Tai, na watu wakashikwa na simanzi kuona jinsi mtu wa kampuni alivyo na uchungu na kazi yake.

"Hata yeye walimficha," alinong'ona Mwalimu.

Watu walianza kutawanyika, wengine wanasema basi, wamechoka, heri warudi kwenye kiyoyozi. Mama Pedi alimsogelea Bwana Tai, akamshika bega kwa upole wa mama mzazi.

"Wanaondoka, mwanangu. Panda benchini uwape moyo."

Alipanda. Aliwatazama kwa macho mekundu, akaona kwamba wamesimama, wamegeuka, nyuso zote zimemwelekea zikiomba kudanganywa. Akasafisha koo.

"Ndugu zangu," alisema, "nina habari za ndani. Msimwambie mtu."

Wakarudi ndani wote, na yule wa mwisho akafunga mlango.